Kiasi Anachonyonya Mtoto

Mfasiri wa vitabu vya lishe ya watoto hukutana mapema na kipimo cha maziwa ambayo mama hutoa kwa siku. Wengi huandika "uzalishaji wa maziwa". Neno hilo ni la zizini na kiwandani. Kibaya zaidi, linataja kitu kisichopimwa. Hakuna mizani inayowekwa kwenye titi. Anayepimwa ni mtoto.

Mtoto hupimwa uzito kabla ya kunyonya, ananyonya mpaka aache mwenyewe, kisha anapimwa tena akiwa na nguo zilezile na nepi ileile, hata kama ameilowesha. Akianza na gramu 5,200 na kumaliza na 5,290, amenyonya gramu 90, yaani karibu mililita 87, kwa kuwa maziwa ya mama ni mazito kidogo kuliko maji. Hufanyika hivyo kila anaponyonya, usiku na mchana, kwa saa 24. Mizani ya kuning'inia ya kliniki, inayosoma gramu 100 kwa 100, haiiwezi kazi hii. Watafiti wana njia nyingine pia: mama hunywa maji yenye deuteriamu, ile hidrojeni nzito, na kwa siku 14 mate yake na ya mtoto huchunguzwa kuona ni kiasi gani kimepita maziwani. Huko nako kinachohesabiwa ni kilichomfikia mtoto.

Basi istilahi imtaje mtoto. "Unyonyaji" lingekuwa neno fupi na sahihi kisarufi, lakini siasa ililichukua zamani. Azimio la Arusha la 1967 lililitumia kwa maana ya kula jasho la mwenzako. Mama anayenyonyesha hastahili kusomewa kipimo chenye harufu ya dhuluma. Napendekeza "kiasi anachonyonya mtoto kwa saa 24", na njia ya mizani iitwe "kupima kabla na baada ya kunyonya". Ni maneno mengi, ila muuguzi akiyatamka, mama ameshaelewa.

Kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hupata wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku. Wapo wanaokua vizuri kwa 500, na wapo wanaopita lita moja. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mama mmoja ni hodari na mwingine dhaifu. Titi lililojaa hupunguza kasi ya kutengeneza maziwa, na linalonyonywa mara kwa mara huongeza. Ndiyo maana mama wa mapacha huweza kutoa karibu maradufu.

Hapa ndipo neno baya linapoumiza. Mama aliyeambiwa kuwa yeye ni mzalishaji hukamua, akapata vijiko viwili, akaamua hana maziwa, ingawa mtoto hunyonya vizuri kuliko mkono unavyokamua. Uji unaanza mwezi wa tatu. Mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo, na maziwa yanapungua kweli. Mama huyo hakuhitaji kukamua ili ajue. Baada ya wiki ya kwanza angehesabu mkojo, mara 6 au zaidi kwa siku, kisha angeuangalia mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki kama unapanda.