Himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar

Himaya ya Uingereza juu ya Usultani wa Zanzibar ilitangazwa Novemba 1890 na kudumu hadi 10 Desemba 1963. Mizizi yake inafika bara, hadi Usagara, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo wilayani Kilosa. Huko Msovero, Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters alimtia chifu Mangungo katika mkataba uliodai kuwa chifu huyo hakuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wala hakumjua. Madai hayo ni magumu kuaminika, kwa kuwa njia ya misafara ya pwani ilipita Usagara miaka mingi. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa maeneo hayo. Sultani Barghash akapinga, lakini manowari za Kijerumani zilizotia nanga Agosti zikamnyamazisha. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalimwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10.

Visiwani, mamlaka ya kisheria ya Uingereza yalitangulia bendera yake. Tangu mikataba ya 1833 na Marekani na 1839 na Uingereza, wageni walihukumiwa na makonseli wao. Hivyo wafanyabiashara wa Kihindi waliotambuliwa kuwa raia wa Uingereza hawakufika kwa kadhi wa Sultani. Baada ya 1890 mfumo ukawa wa pande mbili: mahakama ya Kiingereza kwa raia wa Uingereza na wageni, mahakama za Sultani kwa raia wake, ingawa humo pia majaji Waingereza waliketi. Sultani alibaki na kiti, si uamuzi.