SHANGINGI NA MKONGA: Ndugu Wawili Waliozaliwa Vitani, Nani Atabaki Barabarani?

Kuna gari ambalo likipita Dodoma, vioo vyeusi, kiyoyozi kimeshika, hakuna anayeuliza ndani kuna nani. Ni mkubwa. Wabongo walishalibatiza zamani: shangingi. Neno hilo mtaani lilikuwa la mwanamke wa mjini anayependa makuu, likahamia kwenye gari na likakaa vizuri kabisa.

Halafu kuna gari lingine. Halina vioo vyeusi. Ndani lina joto, viti vigumu, mlango mpaka uubamize ndo ufunge. Ubavuni mwa kioo cha mbele linapandisha bomba la kuvutia hewa, refu, kama mkonga wa tembo. Ndo likaitwa mkonga. Hili linabeba watalii Serengeti, askari wa wanyamapori, wagonjwa wa vijijini, wachimba madini na chanjo za watoto.

Wengi hawajui kwamba hawa wawili ni ndugu. Shangingi ni Land Cruiser. Mkonga pia ni Land Cruiser. Wametoka tumbo moja, wakaachana njiani. Na ukifuatilia walivyoachana, utaelewa soko la SUV dunia nzima linaelekea wapi, na kwa nini watu wa barabara mbovu wana sababu ya kuwa na wasiwasi.

VITA NDIYO MAMA YAO

Turudi mwaka 1941. Dunia iko vitani. Jeshi la Marekani linataka gari dogo, jepesi, linalovuta kwa matairi yote manne na linalotengenezeka popote kwa spana chache. Likapatikana: Jeep. Mpaka vita inaisha mwaka 1945, viwanda vya Willys na Ford vilikuwa vimetoa zaidi ya Jeep 600,000.

Vita ikaisha, Jeep zikabaki zimezagaa kila kona ya dunia. Mojawapo ikaangukia mikononi mwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, jamaa aliyekuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Alilima nayo, akabebea mizigo, akavutia magogo. Shida ikaja moja: likiharibika, spea atatoa wapi?

Mwaka 1947, akiwa ufukweni, akachukua kijiti akachora mchangani gari la kwake. Mchoro ule ndio uliozaa Land Rover, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Rangi ya kijani zile za mwanzo zilizopakwa? Ni mabaki ya rangi za ndege za kivita. Yaani gari la shida, lililotengenezwa kwa vitu vya shida, kwa watu wenye shida. Rover walidhani ni biashara ya kupitisha muda tu. Ikadumu miaka 67.

WAJAPANI WANAPANDA MLIMA

Upande wa pili wa dunia, mwaka 1950 vita ya Korea ikalipuka. Magari ya aina ya Jeep yakatakiwa haraka pale Japani, na Toyota wakaingia kazini. Julai 1951 dereva wao wa majaribio akalipandisha gari lao jipya Mlima Fuji mpaka kituo cha 6, mahali ambapo hakuna gari lililowahi kufika. Polisi wa Japani waliokuwepo wakaona kwa macho yao. Wakaagiza 289.

Tatizo likawa jina. Toyota waliliita "Jeep" na jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1954 wakalibadilisha kuwa Land Cruiser, jina lililotafutwa makusudi lisionekane dogo mbele ya Land Rover. Ushindani ulianzia kwenye jina.

Afrika ndipo mchezo ulipochezwa sana. Landrova ilikuwa imetangulia, ikitembea na mabwana shamba, polisi na wamisionari. Ila miaka ya 60 na 70 Land Cruiser ikaingia taratibu, ikiwa na sifa moja ambayo dereva wa porini haihitaji kuelezewa: inaenda na inarudi.

Unataka ushahidi? Mwaka 1987 jeshi la Chad, likiwa juu ya pikapu za Toyota zilizofungwa makombora, lilivitimua vikosi vya Libya vilivyokuwa na vifaru. Vita ile mpaka leo inaitwa Vita ya Toyota. Hakuna kampuni ya gari iliyoomba tangazo kama hilo, na hakuna aliyelisahau.

NDUGU WANAACHANA

Sasa hapa ndo penyewe.

Mwaka 1970 Waingereza walitoa Range Rover. Watu wanadhani ilizaliwa tajiri, kumbe hapana. Zile za kwanza zilikuwa na viti na sakafu unayoweza kuosha kwa mpira wa maji ukitoka shambani. Lakini matajiri wakaipenda, na kampuni ikaona pesa iko wapi. Ngozi ikaingia, mbao zikaingia, bei ikapanda.

Toyota nao wakajifunza. Land Cruiser ikagawanyika mikondo miwili. Mkondo mmoja ukafuata raha: toleo la 60 mwaka 1980, kisha la 80, la 100, la 200, mpaka la 300 mwaka 2021. Huyo ndo shangingi. Mkondo wa pili ukabaki na kazi: toleo la 40 lililoanza mwaka 1960, kisha la 70 lililoanza mwaka 1984. Huyo ndo mkonga. Baba mmoja, mmoja kaenda kusoma mjini, mwingine kabaki analima.

Halafu akaja mgeni aliyeharibu kila kitu. Mwaka 1994 Toyota walitoa RAV4. Kwa nje inafanana na gari la porini, chini ni gari la kawaida kabisa. Mwaka 1997 ikafuata Harrier, ambayo Bongo haihitaji utambulisho.

Tofauti iko chini ya bodi. Gari la kazi linajengwa juu ya chesisi: vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, bodi inakuja kukalishwa juu yake. Ni zito, linarusha, linakunywa mafuta, ila chesisi inavumilia mashimo na mizigo miaka na miaka, na ikipasuka fundi anachomelea. Gari kama Harrier halina ngazi hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Ni jepesi, linatulia barabarani, linakula kidogo. Na tuwe wakweli: mtu anayetoka Mbezi kwenda Posta kila siku, chesisi ya nini?

Dunia nzima ikajibu hivyohivyo. Mwaka 2023, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, SUV zilikuwa asilimia 48 ya magari mapya yote yaliyouzwa duniani. Karibu nusu! Lakini nyingi ya hizo ni za lami. Sura ya porini, moyo wa mjini.

MISIBA NA UFUFUO

Soko lilivyolainika, wagumu wakaanza kuanguka mmojammoja.

Ford Bronco ndiyo ilikuwa na kifo cha kisanii zaidi. Tarehe 17 Juni 1994 Bronco nyeupe ilipita barabara kuu za Los Angeles ikifuatwa na msururu wa polisi, ndani yake nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa akitafutwa kwa mauaji. Watu takriban milioni 95 waliangalia kwenye TV. Gari likawa maarufu kuliko wakati wowote, na miaka miwili baadaye Ford wakaacha kulitengeneza. Watu walitaka kuliangalia, hawakutaka kulinunua.

Hummer, gari la jeshi lililoingia uraiani mwaka 1992 baada ya nyota mmoja wa filamu mwenye misuli kuling'ang'ania, nayo ikafa mwaka 2010. Mitsubishi Pajero, iliyoshinda mbio za Dakar mara 12, ikaaga mwaka 2021. Na msiba mkubwa kuliko yote ukawa tarehe 29 Januari 2016, kiwanda cha Solihull kilipotoa Landrova Defender ya mwisho. Tangu ile ya mwaka 1948 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 2. Sheria za moshi na usalama ziliibana ikashindwa kupumua.

Ila kumbe ukifa ndo unapendwa. Bronco ikarudi mwaka 2020. Hummer ikarudi ikiwa ya umeme, na uzito wake ni kama tani 4. Defender ikarudi mwaka 2019, safari hii bila chesisi ya ngazi na ikiwa imejaa kompyuta.

Kifo cha Defender ile ya zamani kilimkera bilionea mmoja wa Uingereza, ambaye mashabiki wa Manchester United wanamjua vizuri sana. Akiwa baa London alipata wazo la kutengeneza gari gumu kama lile la zamani. Akatengeneza kweli, akalipa jina la hiyo baa: Grenadier. Wenye Defender wakajaribu kuilinda sura ya gari lao la zamani kwa sheria, wakashindwa mwaka 2020. Uzalishaji ukaanza Oktoba 2022 huko Hambach, Ufaransa, kwa injini za BMW. Mwaka 2024 muuzaji wa viti akaingia kwenye ufilisi, kiwanda kikasimama miezi kadhaa. Gari linaweza kuvuka mto, likakwamishwa na kiti!

Ukiangalia vizuri utaona kitu. Ugumu umegeuka bidhaa ya anasa. Land Cruiser 300 ilipotoka Japani, foleni ya kuingoja ilifika mpaka miaka 4, na wanunuzi waliwekeshwa saini ya kuahidi kwamba hawataiuza tena ndani ya mwaka mmoja. Gari lililoanza kama jembe limekuwa kama saa ya dhahabu.

UMEME NAO UNABISHA HODI

Mercedes G-Wagon imekuwepo tangu mwaka 1979. Mwaka 2024 ikatoka ya umeme, mota 4, kila tairi na yake, na inaweza kuzunguka hapohapo iliposimama. Wachina wa BYD wana Yangwang U8 ambayo ikizidiwa na maji inaelea mpaka dakika 30. Ukiangalia video zake unaweza kusema mchezo umeisha.

Haujaisha. Haya ni magari ya mabilionea, na betri yake ikileta shida Namanyere au Loliondo, utampigia nani?

Ila kuna jambo limefanyika karibu na nyumbani linaloonesha njia nyingine. Nairobi, kampuni moja iliyoanza mwaka 2017 ilichukua Land Cruiser na Landrova kuukuu za safari, ikang'oa injini za dizeli na kufunga mota na betri. Tanzania pia magari ya safari ya umeme yameshaingia mbugani. Hesabu yake inaeleweka: gari la mbugani halikimbii, usiku linalala kambini, na jua lipo la kutosha kuchaji. Halafu halina kelele. Tembo anaendelea kula, mgeni anasikia majani yakikatika. Chesisi ileile ya zamani, moyo mpya.

MKONGA BADO UNADUNDA

Na mkonga wenyewe? Mwaka 2024 ulitimiza miaka 40 na bado ulikuwa unatengenezwa. Sehemu nyingi za Afrika umesifika kwa injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, dizeli, haina hata turbo, iliyotoka mwaka 1990. Ulaya sheria za moshi zimeiacha nje. Huku fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuirudisha bila kompyuta.

Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha toleo la mkonga lililofungwa friji ya chanjo ya lita 396, inayoweza kutunza baridi saa 16 gari likiwa limezimwa. Lilikuwa gari la kwanza la aina hiyo kupata idhini hiyo. Hapo ndipo uzito wa habari hii ulipo. Mtoto wa kijiji ambacho lori halifiki hajali kama SUV ni asilimia 48 ya soko. Anachohitaji ni gari lifike, na lirudi tena mwezi ujao.

Lakini hata mkonga umeanza kuguswa. Mwaka 2023 ulipata injini mpya ya lita 2.8 yenye turbo na giaboksi ya otomatiki kwa baadhi ya masoko. Inakula kidogo, moshi umepungua, hiyo ni heri. Ila sensa nazo zimeongezeka, na sensa haichomelewi. Kila hatua ya kulisafisha gari inamsogeza mbali yule fundi wa mwembeni, isipokuwa naye apewe mafunzo na vifaa. Hilo ndilo swali ambalo matangazo ya SUV hayaligusi.

Tumaini lingine linatoka kwa mdogo wao. Suzuki Jimny, iliyoanza mwaka 1970, bado ina chesisi yake ya ngazi na uzito wa tani moja na kidogo. Toleo la milango 5 lilipofunguliwa oda Japani Januari 2025, lilipata maombi kama 50,000 ndani ya siku chache, oda zikafungwa. Watu hawajachoka na magari magumu. Wamechoka na bei.

Kwa hiyo shangingi halina cha kuogopa. Likiwa la dizeli, haibridi au umeme, wakubwa watapanda tu. Anayepaswa kuangaliwa ni ndugu yake wa shamba. Maana siku shangingi likikosekana, mkutano utachelewa. Siku mkonga ukikosekana, kuna mjamzito hatafika hospitali.

Wewe ungepewa ufunguo mmoja, ungechukua wa nani: shangingi, mkonga, au ndo Harrier yako inatosha?