Leseni ya Dalali: Nani Akabidhiwe Arubuni?

Mwaka 1917 jimbo la California lilipitisha sheria ya kwanza nchini Marekani iliyomtaka dalali wa nyumba na viwanja awe na leseni. Haikudumu. Mahakama iliitangua kwa kukiuka katiba, na mwaka 1919 wabunge wakarudi na sheria nyingine. Hiyo ilisimama, na majimbo mengine yakafuata.

Kabla ya hapo madalali walijaribu kujisimamia wenyewe. Walianzisha chama cha taifa mjini Chicago mwaka 1908, na mwaka 1913 wakaandika kanuni za maadili. Lakini kanuni za chama humbana mwanachama tu. Leseni iliipa serikali rungu la kumfikia hata yule asiyejiunga.

Japani ilitunga sheria yake mwaka 1952, na leo ni miongoni mwa nchi zenye masharti ya kina. Katika kila ofisi ya udalali, angalau mtu mmoja kati ya watano wanaofanya kazi hiyo lazima awe amefaulu mtihani wa taifa na kusajiliwa. Kabla mteja hajasaini mkataba, mtaalamu huyo humwonyesha kitambulisho chake, kisha humpitisha kwenye waraka unaoeleza hali ya mali: kama imewekwa rehani, sheria za ujenzi zinaruhusu nini, maji na umeme vinafikaje. Tangu Agosti 2020 ni lazima pia amwonyeshe nyumba ilipo kwenye ramani ya maeneo ya mafuriko.

Ufaransa iliangalia zaidi fedha. Sheria ya Januari 1970, maarufu kwa jina la mbunge Hoguet, inamtaka wakala awe na kadi ya taaluma, na anayepokea fedha za wateja awe na dhamana ya kuzilinda. Singapore ilikwenda mbali zaidi: baada ya sheria ya mwaka 2010, wakala haruhusiwi kabisa kushika fedha za mauzo ya nyumba.

Uingereza ilishika njia tofauti. Sheria yake ya mwaka 1979 haikudai leseni: mtu huanza kazi apendapo, na hupigwa marufuku akithibitika hafai. Kifungu cha kuweka viwango vya ujuzi kiliandikwa, ila hakikuwahi kuanza kutumika. Mnunuzi analindwa baada ya kuumia.

Kenya haikuifuata Uingereza katika hili. Sheria ya mwaka 1984 iliunda bodi ya usajili na kumkataza asiyesajiliwa kufanya kazi ya uwakala wa nyumba na ardhi. Hivyo mnunuzi wa Nairobi au Mombasa ana haki ya kuomba cheti cha usajili na kukihakiki kwa bodi kabla hajatoa hata shilingi ya arubuni. Faida ya sheria hiyo inategemea wateja kuijua haki hiyo na kuidai.