Mchezo wa Walimu Wanafunzi

Watu wakizungumzia michezo ya kompyuta darasani, huanza na mashine. Mimi, kwa kuwa nilikagua mazoezi ya kufundisha miaka mingi chuoni, huanza na vijana watatu wa Minneapolis, Marekani. Mwaka 1971 Don Rawitsch, mwanachuo aliyekuwa mazoezini, alitakiwa kufundisha habari za wahamiaji wa karne ya 19 waliokwenda magharibi kwa magari ya maksai. Wenzake wawili wa hisabati, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walimsaidia kutunga mchezo kwa wiki mbili hivi. Wakauita The Oregon Trail.

Hapakuwa na kioo cha kutazama. Palikuwa na mashine moja mfano wa taipureta, iliyounganishwa kwa simu na kompyuta ya mbali, na majibu yalitoka kwenye karatasi. Basi watoto waliizunguka, wakabishana: tununue chakula au risasi? Mwepesi wa vidole alipiga chapa, mjuzi wa hesabu akashika fedha. Uhaba ule, kwa maoni yangu, ndio uliofundisha. Namwambia hivyo kila mwalimu mkuu anayelalamika kwamba ana kompyuta moja tu.

Muhula ulipokwisha, Rawitsch aliufuta mchezo, akabaki na nakala ya karatasi. Mwaka 1974, akiwa ameajiriwa na shirika la kompyuta za elimu la jimbo la Minnesota, aliuchapa upya. Kisha akasoma shajara za wasafiri wenyewe, ili magonjwa na ajali zitokee mchezoni kwa kadiri zilivyotokea njiani. Hapo ukawa somo la historia hasa, ingawa wenyeji wa nchi ile waliendelea kutazamwa kutoka garini tu.