Nani Alimtafuta Dodger?

Tarehe 30 Juni 1960 sisi Wakongomani tunaijua bila kufundishwa. Siku ile Lumumba alisimama Léopoldville mbele ya mfalme Baudouin akasema yale aliyosema. Jioni yake, mjini London, pazia lilifunguliwa katika ukumbi wa New Theatre, na watoto wenye njaa wakaingia jukwaani wakiimba habari za chakula. Mchezo uliitwa Oliver!, na hiyo alama ya mshangao ni sehemu ya jina. Mambo haya mawili hayana uhusiano wowote, nakubali. Lakini mtu akiniuliza mchezo ule una umri gani, namjibu: una umri wa uhuru wetu.

Kwa asiyeijua hadithi, ni hii. Mtoto anazaliwa ndani ya nyumba ya maskini, mama yake anakufa palepale, na hakuna anayejua ametoka wapi. Jina la Oliver Twist anapewa na Bwana Bumble, msimamizi wa parokia, ambaye huwapa watoto wa namna hiyo majina kwa kufuata alfabeti. Aliyetangulia alipata jina la herufi S, basi huyu zamu yake ikawa T. (Anayewahi kuandikishwa kwa foleni atacheka hapo, halafu ataacha kucheka.) Oliver anaomba aongezewe uji, anaadhibiwa, anauzwa kwa mtengeneza majeneza, anatorokea London. Huko anaokotwa na Dodger, kijana mwizi wa mifukoni, anayempeleka kwa mzee Fagin anayefuga watoto wezi. Binti mmoja, Nancy, anauawa kwa sababu alitaka kumrudisha Oliver mahali salama. Mwishoni mzee tajiri, Bwana Brownlow, anagundua kwamba Oliver ni mjukuu wake, kwa ajili ya picha ya binti yake aliyepotea na kidani alichokiacha marehemu. Wimbo, makofi, watu wanarudi nyumbani.

Aliyeutunga mchezo, maneno na nyimbo zote, ni Lionel Bart. Alizaliwa mwaka 1930 mashariki mwa London, kitinda mimba wa fundi cherehani. Jina lake la kuzaliwa ni Begleiter. Wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Galicia, waliokuja Uingereza kukimbia mateso. Yaani mtoto wa wakimbizi. Hakujua kusoma wala kuandika nota za muziki. Aliimba tu kwa mdomo, mwingine akaandika. Na hadithi aliyoichagua ilikuwa na mwiba kwake. Charles Dickens, aliyeiandika kama riwaya ya mfululizo gazetini kati ya 1837 na 1839, alimfanya Fagin kuwa Myahudi, na hakumwita sana kwa jina: alimwita “yule Myahudi”, ukurasa baada ya ukurasa, mara mamia. Mwaka 1863 mama mmoja Myahudi, Eliza Davis, alimwandikia Dickens barua kulalamika, na katika chapa ya 1867 Dickens aliyafuta mengi ya maneno hayo. Sisi wa Kivu tunajua maana ya mtu kuitwa kwa kabila lake kila anapofungua mdomo, na tunajua pia yanaishia wapi. Bart hakumkataa Fagin. Alimpa utani, woga, na nyimbo nzuri kuliko za wote. Kwenye riwaya Fagin ananyongwa. Kwa Bart anabaki hai, peke yake jukwaani, anajiuliza aende wapi.

Watu wakisema “enzi za Victoria” wanadhani malkia ndiye alileta shida zile. Sura za kwanza zilitoka Februari 1837, na Victoria alirithi kiti Juni. Mwenye kuleta nyumba za maskini za aina ile ni sheria ya 1834. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wasomaji wetu wa mashirika watapenda kuijua.

Kabla ya sheria ile, maskini wa Uingereza aliweza kusaidiwa akiwa kwake. Wakubwa walihesabu gharama wakasema: msaada unazaa wavivu. Basi wakapitisha kanuni moja, nayo ilikuwa roho ya mpango wote: maisha ndani ya nyumba ya maskini lazima yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje. Ndiyo maana uji ulikuwa mwepesi. Haukuwa mwepesi kwa sababu unga ulikwisha. Ulikuwa mwepesi kwa mpango, ili mtu afikiri mara mbili kabla ya kubisha hodi. Mume aliwekwa upande wake, mke upande wake, watoto kwao. Mwaka 1845, katika nyumba ya mji wa Andover, iligunduliwa kwamba wanaume waliopewa kazi ya kuponda mifupa ili iwe mbolea walikuwa wanagombania kula uboho uliobaki ndani ya mifupa ileile. Bunge lilichunguza, na tume iliyosimamia nyumba zile ikavunjwa. Kanuni yenyewe ilidumu. Dickens hakuyasikia hayo kwa mbali: alipokuwa na miaka 12 baba yake alifungwa kwa deni, naye akapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha dawa ya viatu.

Filamu iliyotokana na mchezo, ile ya 1968 iliyoongozwa na Carol Reed na kupata Oscar ya filamu bora, tuliitazama hapa Nkamira juu ya shuka jeupe, mimi nikitafsiri kwa sauti. Watoto walicheka walipoona wakubwa wanakula nyama upande mmoja na watoto wanapewa uji upande wa pili. Walimpenda Dodger papo hapo. Kofia ile! Lakini Oliver alipotembea na bakuli lake mpaka mbele ya sufuria, ukumbi ulinyamaza. Hapa kwenye kituo cha muda chakula hupikwa kwenye masufuria makubwa na kila mmoja anamjua anayeshika upawa. Mzee mmoja nyuma yangu alisema polepole: “Huyu mtoto hana kosa. Kosa lake ameuliza mbele ya watu.” Sijasoma maelezo mazuri kuliko hayo juu ya tukio lile.

Sasa nirudi mpakani petu, maana swali la 1834 lilikuja hapa kwa mlango mwingine.

Julai 1994 watu zaidi ya laki nane walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache. Msongamano ule uliachanisha mikono. Kisha kipindupindu kikaua makumi ya maelfu, na watoto wakabaki wamekaa kando ya miili. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu, watoto walioandikishwa na Msalaba Mwekundu, UNICEF, HCR na wenzao kwamba wametengana na wazazi walipita 100,000. Vituo vikafunguliwa haraka. Na kumbe, baada ya wiki kadhaa, vituo vikaanza kupokea watoto ambao hawakuwa yatima. Wazazi walikuwa wanawaacha karibu na lango kwa makusudi, kwa sababu ndani kulikuwa na maziwa na daktari, na kwenye hema hakukuwa na kitu.

Hilo ndilo fumbo lililowashinda Waingereza. Ukikifanya kituo kiwe kizuri, wazazi wanakuletea watoto. Wao walijibu kwa kukifanya kiwe kibaya. Jibu lingine, ambalo watu wa 1994 walilijifunza kwa kuumia, ni kupeleka maziwa na daktari hemani, kwa mama mwenyewe, au kwa jirani aliyekubali kumlea mtoto. Mimi naona tofauti ya majibu haya mawili ni kubwa kuliko tofauti ya karne. Na ninawaambia rafiki zetu wa mashirika bila kuwalaumu: kila mara nikisikia kwenye mkutano kwamba msaada ukiwa mzuri watu “watazoea”, masikio yangu yanasikia 1834.

Halafu kuna ile kazi ya Brownlow. Oliver alitambuliwa kwa picha. Watoto wa 1994 nao walipigwa picha, zikabandikwa kwenye mbao, na wazazi walipita mbele yake wakitafuta sura moja kati ya mamia. Mtoto mdogo hajui jina la wilaya yake. Anajua kwamba ng’ombe wa babu ana doa, na kwamba mama anaitwa Mama. Redio nayo ilitumika. BBC ilianzisha mwaka huohuo kipindi cha Gahuzamiryango, maana yake chenye kuunganisha familia, na majina ya waliopotea yalisomwa hewani. Watu walikaa kimya kuzunguka redio moja, kama sisi tunavyokaa kwenye fainali. Maelfu kwa maelfu walirudishwa kwao. Kazi hiyo haina wimbo wala pazia. Ni daftari, gari bovu, barabara ya tope, na mtu anayeuliza swali lilelile mara ya mia.

Wale ambao hakuna aliyesimama mbele ya picha yao, wengine walifika Mugongo, juu huko kwenye mashamba ya pareto chini ya volkano, si mbali na hapa. Mama mmoja Mmarekani, Rosamond Carr, alikuwa ameishi huko tangu miaka ya hamsini. Desemba 1994, akiwa na miaka 82, aligeuza banda lake la kukaushia pareto kuwa nyumba ya watoto, akaiita Imbabazi. Vita vya kaskazini vilipochacha mwaka 1997 watoto walihamishiwa mjini Gisenyi, na walirudi Mugongo 2005. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Watu wa Gisenyi bado wanalitaja jina lake. Mwaka 2000 mpigapicha David Jiranek aliwapa watoto wa Imbabazi kamera za kutumia mara moja ili wajipige picha wenyewe wanavyotaka. Napenda habari hii kuliko zote. Picha ya mtoto ilikuwa kitu cha kubandikwa ukutani ili atambuliwe. Sasa yeye ndiye aliyeshika kamera.

Baadaye Rwanda iliamua kwamba vituo vya yatima vifungwe pole pole na watoto walelewe katika familia. Mpango unaitwa Tubarerere mu Muryango, ulianza 2013. Imbabazi nayo haina watoto wa kulala tena.

Lakini Dodger je? Hili ndilo linalonisumbua tangu siku ya lile shuka. Oliver anaokolewa kwa sababu damu yake imejulikana. Kama kidani kingepotea, Brownlow angekuwa mzee mkarimu tu, na Oliver angekuwa mwizi mwingine wa mifukoni. Dodger ana akili kuliko Oliver, anaimba kuliko Oliver, ndiye aliyempa chakula siku ya kwanza bila kumwuliza karatasi. Kwenye riwaya anakamatwa na kisanduku cha ugoro na kuhamishwa ng’ambo kama mfungwa. Kwenye filamu anaondoka na Fagin kwenda kuiba tena, na tunaambiwa tufurahi. Goma angeitwa mayibobo, na mamia ya mayibobo wamepita barabara zile tangu nikiwa mdogo. Hakuna aliyebandika picha zao.

Kwa hiyo vijana waliposema tuuigize mchezo huu wenyewe, kwa Kiswahili chetu, nilikubali, ila tulikutana na mambo mawili. La kwanza ni haki. Nyimbo za Bart zina wenyewe. Yeye alizipoteza mapema: aliziuza haki zake ili kugharamia mchezo mwingine, Twang!!, wa Robin Hood, ambao ulianguka vibaya mwaka 1965, na mwaka 1972 alifilisika. Mwaka 1994 Cameron Mackintosh alipourudisha Oliver! jukwaani London alimpa fungu la mapato, na Bart alifariki 1999 akiwa amepata kitu kidogo cha jasho lake. Kwa sheria ya kwao nyimbo zitalindwa mpaka 2069. Hatuwezi kungoja. Riwaya ya Dickens, aliyefariki 1870, ni ya kila mtu. Basi tunachukua hadithi, nyimbo tunatunga sisi, na piano yetu ni ngoma mbili na jerikani.

La pili ni kwamba hakuna anayetaka kuwa Oliver. Wavulana kumi na mmoja, wasichana wanne, wote wanataka Dodger. Na wanakataa mwisho wake. Tumegombana majuma matatu. Kundi moja linataka Brownlow awachukue wote, nami nikauliza nyumba yake ina vitanda vingapi. Kundi la pili linataka Dodger awe tajiri. Msichana mmoja wa miaka kumi na nne, ambaye hapa kituoni anaishi na wadogo zake wawili tu, alisema hapana, Dodger asipewe mali. Mtu asimame mbele ya watu na daftari, amwulize Dodger jina la mama yake, na jina la kijiji, na ng’ombe wa babu ana rangi gani, na aandike. Halafu taa zizimwe.

Tunaanza mazoezi Jumamosi. Bado tunatafuta kofia.