Pumzi ya Kadogo

Marekani kuna madaktari waliojiondoa kwenye bima. Mgonjwa humlipa daktari moja kwa moja, ada ya kila mwezi kama kodi ya nyumba, na daktari humwona anapomhitaji. Wengine huchanganya dawa za hospitali na mazoezi ya kupumua, lishe na mitishamba. Jambo hili hutangazwa kama uvumbuzi. Mtu wa Kayole akisikia atauliza: kwani kuna njia nyingine? Huku Eastlands tumezoea zamani kumlipa daktari mkononi, na kuchanganya dawa tumechanganya kabla hatujaambiwa. Tofauti ni kile tunacholipia.

Tuanze na kuchanganya. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika Nairobi, na kahawa ya dele haijawahi kukauka pale Majengo. Nyanya yangu aliamini kikombe cha kahawa kavu, chungu kabisa, humfungua aliyebanwa na kifua. Tulimcheka. Kumbe mwaka 1860 daktari Mwingereza, Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe aliugua pumu, aliandika kitabu akiisifu kahawa kali kama dawa ya pumu. Kafeini hulegeza njia za hewa, ingawa kidogo tu. Binamu yake, theofilini, aliigundua Mjerumani Albrecht Kossel mwaka 1888, ndani ya majani ya chai. Ikaja kuwa dawa ya pumu kwa miongo mingi. Hata mnanaha, mmea wenye sumu ambao mtu hafai kuujaribu nyumbani, ulivutwa na wenye pumu India kabla Waingereza hawajaiga. Ipratropiamu inayowekwa kwenye mashine ya mvuke hospitalini inatokana na atropini, kemikali iliyo ndani ya mmea huo. Ukuta kati ya mitishamba na hospitali si mrefu vile tunavyoambiwa.

Sasa pesa. Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa. Mtu aliingia zahanati ya serikali, akatibiwa, akaenda zake. Mwaka uliofuata ikaundwa NHIF, lakini kwa karibu nusu karne bima hiyo ililipia kitanda tu. Ukilazwa, sawa. Ukitaka dawa ya kukuzuia usilazwe, hiyo ni shida yako. Kwa mtu wa pumu, huo ni mpango wa kusubiri uzidiwe.

Desemba 1989, kwa shinikizo la wafadhili, ada zikarudi kwa jina tamu la kuchangia gharama: shilingi 20 hospitalini, shilingi 10 kwenye kituo cha afya. Pesa ndogo, si ndiyo? Watafiti waliofuatilia kliniki moja ya magonjwa ya zinaa hapa Nairobi waliona idadi ya wanaume waliofika ikishuka kwa asilimia 60 hivi, na wanawake kwa asilimia 35. Mwaka 1990 ada ikasimamishwa, kisha ikarudishwa polepole. Wakati huohuo kliniki za watu binafsi na kemisti zilizidi kuota mitaani, Umoja, Dandora, Kayole, kando ya vibanda vya mboga.

Na kemisti alijua kuuza kwa lugha yetu. Eastlands inaishi kwa kadogo: mafuta ya kupikia ya shilingi kumi, sukari ya kufungwa kwenye karatasi, mkopo wa simu wa kufika jioni. Nimenunua vidonge vya salbutamoli hivyo hivyo, vinne, vimekatwa kwa makasi. Kadogo si ujinga. Ni hesabu ya mtu anayelipwa leo kwa kazi ya leo.

Shida ni kwamba pumu ina dawa za aina mbili. Salbutamoli, iliyoingia sokoni mwaka 1969, hufungua kifua kwa dakika chache. Beklometasoni ya kuvuta, iliyofuata mwaka 1972, hutuliza uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, lakini lazima uivute kila siku, hata ukiwa mzima. Ya kwanza inauzika kwa kadogo kwa sababu matokeo unayaona hapo hapo. Ya pili ni kama kuziba paa wakati wa kiangazi. Nani atatoa pesa ya unga kwa ajili ya siku ambayo hakuna kitu kimeuma? Mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani walibadilisha mwongozo wao: mtu mzima au kijana asitibiwe kwa salbutamoli peke yake, kwa sababu unaweza kujisikia nafuu huku uvimbe ukiendelea, mpaka usiku mmoja pampu inakataa kusaidia.

Na sababu za kubanwa hatujazikosa. Jaa la Dandora lilianza miaka ya 1970 na lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Taka bado zinamwagwa. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, jiji hili hili, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa. Karibu nusu walikuwa na magonjwa ya njia ya hewa, pumu ikiwemo.

Ndiyo maana siwacheki waliokwenda Loliondo mwaka 2011. Babu Ambilikile Mwasapila alitoa kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania, na magari yalijaa hadi kutoka Nairobi. Hakuponya magonjwa sugu. Lakini aliahidi kitu ambacho hakuna kliniki ya mtaa iliyowahi kuahidi: unalipa mara moja, basi.

Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Sisi wa vibarua, mimi niliyeacha chuo na kuandika kwa malipo ya makala nikiwemo, tulitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Mtu wa kadogo anaombwa jumla, na baadaye anapewa mkopo ili aweze kuilipa jumla hiyo.

Kulipa moja kwa moja si dhambi. Yule Mmarekani naye hulipa hivyo, ila ananunua mwezi mtulivu, na daktari hulipwa hata mgonjwa asipozidiwa. Sisi tumefundishwa kwa zaidi ya miaka 30 kununua shambulio. Wakati huo wote chama cha akina mama wa ploti kimekuwa kikichanga kila wiki kununua sufuria, kulipa karo na kuzika watu. Mazishi tunayachangia mapema. Pampu ya kila siku bado haijaingia kwenye daftari la chama.