Wimbi na mzigo wake

Katika Butembo na Beni, siku za vita, habari za radio ni uzima. Lakini twajua namna gani sauti yatufikia? Wimbi ni mpagazi. Sauti ni mzigo. Sikio halimsikii mpagazi. Sharti mzigo utuliwe.

Mwaka 1874 Ferdinand Braun, Mjerumani, aliona mawe fulani ya madini hupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine. Baadaye jiwe la namna hiyo likatiwa katika radio: lakata nusu ya wimbi, sauti yabaki. Mwaka 1904 Fleming, Mwingereza, alitumia taa kwa kazi hiyo.

Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, yatumia FM: mapigo ya wimbi huongezwa au kupunguzwa upesi wake, na chombo chetu chayapima. Kisipopima vema, twapata kelele tu, wala si habari.